Kiingereza cha kuzungumza: Pembejeo iliyosahaulika Kasulu na Kibondo

KUANZIA mwishoni mwa mwaka 1993, kijana wa Kibondo aliyemaliza kidato cha nne hakulazimika tena kupanda basi hadi Kigoma na kisha treni kwenda kutafuta kazi mjini. Kazi zilimfuata kwao. Magari meupe yenye antena ndefu yalipita mbele ya nyumba yao kila asubuhi, na nafasi za kazi zilibandikwa kwenye mbao za matangazo karibu na mageti ya mashirika.

Kikwazo kilikuwa mstari mmoja tu. Baada ya kutaja elimu na uzoefu, tangazo lilimtaka mwombaji awe anazungumza na kuandika Kiingereza kwa ufasaha. Kuandika, kijana angejikongoja. Kuzungumza mbele ya jopo la usaili, huku mmoja wa wajumbe akiwa mgeni anayemeza nusu ya maneno yake, ndiko kulikomshinda.

Wakimbizi wa Burundi walivuka mpaka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Wakongo waliokimbia vita iliyoanza 1996 walikuja kwa kuvuka Ziwa Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kambi za mikoa ya Kigoma na Kagera zilikuwa na watu zaidi ya nusu milioni. Wilaya ya Kasulu ilikuwa na kambi za Nyarugusu, Mtabila na Muyovosi, na Kibondo ilikuwa na Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Karago na Mkugwa.

Penye kambi pana mashirika, na mashirika hayo yalifanya kazi zake kwa Kiingereza: mawasiliano ya redio za upepo, taarifa za kila wiki, vikao vya uratibu, hesabu za ghala la chakula. Ilikuwa mara ya kwanza kwa lugha hiyo kuwa na bei ya wazi katika nyanda hizi za juu, bei ambayo mtu angeweza kuiona kwenye karatasi ya mshahara wa jirani yake.

Nani alifaidika? Mtafiti wa siasa kutoka Marekani, Beth Elise Whitaker, aliyefanya uchunguzi magharibi mwa Tanzania katika miaka hiyo, alionyesha kuwa faida za ujio wa wakimbizi hazikugawanyika sawa. Waliokuwa tayari na elimu, mtaji au nafasi ndio walionufaika zaidi. Walimu na wauguzi waliacha kazi za serikali na kwenda kwenye mashirika yaliyolipa mara kadhaa ya mishahara yao, na Watanzania kutoka pembe nyingine za nchi walikuja kushika nafasi nyingi zilizohitaji elimu ya juu. Wenyeji wengi waliishia kwenye ulinzi, upishi na upakuaji wa magunia.

Hakuna ubaya katika kulinda geti au kupika. Lakini mtu anayetazama uchumi wa wilaya lazima aulize kwa nini mishahara minono ya miaka zaidi ya kumi ilipita Kasulu na Kibondo na kwenda kujenga nyumba Arusha, Mwanza na Dar es Salaam.

Nusu ya kazi walikuwa nayo

Jambo linalouma zaidi katika habari hii ni kwamba wenyeji walikuwa na nusu ya sifa, tena ile nusu iliyokuwa adimu.

Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Muha wa Heru Juu au wa Kakonko akikaa na Mrundi jioni moja, watazungumza bila mkalimani. Afisa aliyetoka Kilimanjaro na Kiingereza chake safi hakuwa na uwezo huo. Alipotaka kujua kwa nini wanawake wa kijiji fulani ndani ya kambi hawaji kliniki, ilibidi atafute mtu wa kumsemea.

Kwa hesabu za soko, mtu mwenye Kiha na Kiingereza kwa pamoja alikuwa bidhaa ghali kuliko mwenye Kiingereza peke yake. Waliokuwa na vyote viwili walikuwa wachache, na hawakukaa bila kazi. Waliobaki walikuwa na duka lenye bidhaa adimu lakini milango imefungwa.

Hali hii haikuanzia kambini. Tangu enzi za Waingereza, Buha ilifanywa eneo la kuchota nguvukazi. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na baada ya chombo cha waajiri wa mkonge, SILABU, kuundwa mwaka 1944, safari hizo zilipangwa kwa mkataba na namba. Vibarua hao waliitwa manamba. Eneo linalotakiwa kutoa mikono halijengewi shule nyingi. Kilimanjaro na Bukoba walipata kahawa na shule mapema. Buha ikapata karatasi za kuandikishia vibarua.

Soko hilo sasa limepungua

Ingekuwa rahisi kusema kwamba somo limeeleweka na kizazi kipya kijifunze Kiingereza ili kisikose tena kazi za mashirika. Lakini soko hilo si la kutegemea. Kambi za Kibondo zilifungwa moja baada ya nyingine katika miaka ya 2000, na Mtabila ikafungwa Desemba 2012. Nduta ilifunguliwa tena 2015 Warundi wapya walipokuja. Mtendeli, ambayo kwa mipaka mipya iko Wilaya ya Kakonko, ilifunguliwa Januari 2016 na kufungwa 2021. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na katika mwaka huo huo ikakata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Fedha zikikatika Washington, anayepoteza ajira yuko Kasulu.

Kwa hiyo swali la leo ni jingine. Kiingereza cha kuzungumza kina kazi gani kwa mtu wa Kasulu na Kibondo ambaye riziki yake ni shamba?

Jibu la kweli ni kwamba kwa sehemu kubwa ya biashara yake hakina kazi yoyote. Maharage, mahindi, mihogo na ndizi za ukanda huu huuzwa kwa Kiswahili, Kiha na Kirundi. Mfanyabiashara wa Manyovu anayepeleka mzigo Burundi akianza kuzungumza Kiingereza mpakani atachekwa, na pengine ataongezewa bei. Ni kweli Burundi ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014, pamoja na Kirundi na Kifaransa, lakini wanunuzi wa maharage hawakusubiri sheria kujua watazungumza nini.

Mkulima asidanganywe na wanaotangaza kwamba Kiingereza kitamtajirisha kila mtu. Ni pembejeo kama mbolea. Ukiiweka penye unyevu inalipa, ukiitupa kwenye changarawe umepoteza fedha.

Penye unyevu ni pachache na panajulikana: mazao yanayouzwa nje ya bara hili, masomo baada ya darasa la saba, na meza ambazo kijiji kinakaa na mradi au mkandarasi. Ujenzi wa barabara ya lami ya Manyovu–Kasulu–Kabingo, yenye urefu wa takriban kilomita 260 na iliyopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni mfano wa meza hizo. Mikataba na taarifa za athari za mazingira za miradi ya namna hiyo huandikwa kwa Kiingereza, na kijiji kisicho na mtu wa kuuliza swali la pili hupewa jibu la kwanza tu.

Kahawa na senti kumi na saba

Chukua kahawa. Milima ya Buhigwe, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu, pamoja na Kalinzi na Matyazo upande wa Kigoma Vijijini, hutoa kahawa ya arabika inayosifiwa kwa ladha. Vyama vya msingi vya huko viliungana katika chama kikuu cha ushirika cha Kanyovu. Katikati ya miaka ya 2000 kahawa ya Kalinzi ilifika hadi kwa Green Mountain Coffee Roasters, wakaangaji wa jimbo la Vermont nchini Marekani, kwa kuunganishwa na Taasisi ya Jane Goodall. Wanunuzi walitaka kuwasikia wakulima wenyewe, na kila mazungumzo yalihitaji mtu wa katikati.

Kwa miaka mingi kahawa ya Tanzania iliuzwa zaidi kwenye mnada wa Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kasulu, na bei ilitajwa kwa dola za Marekani kwa kilo 50. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna pia mlango wa kuuza kahawa bora moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje. Katika mlango huu watu huzungumza kwanza, kisha ndipo huandika.

Bei ya dunia ya arabika hutoka New York kwa senti za dola kwa pauni moja. Kilo 50 ni pauni 110 na ushei, hivyo New York ikisema senti 200, kilo 50 ni kama dola 220. Mnunuzi wa kahawa nzuri hasemi bei nzima. Husema ataongeza senti ngapi juu ya New York.

Hapo ndipo linapoingia tatizo ambalo vitabu vingi vya shule havilitaji. Katika Kiswahili mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mswahili akilitamka "thirteen" kwa mkazo huo, mgeni anasikia "thirty". Kumi na tatu imekuwa thelathini. Vivyo hivyo "fifteen" na "fifty", "eighteen" na "eighty".

Kontena moja la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200, sawa na pauni 42,300 hivi. Tofauti ya kumi na tatu na thelathini ni senti 17. Zidisha, unapata zaidi ya dola 7,000 kwa kontena moja. Ni kweli mkataba wa maandishi utalifichua kosa hilo. Lakini mkataba huja siku kadhaa baadaye, wakati mwenyekiti amekwisha kuwatangazia wanachama bei ya thelathini, na atakaporudi kusema ni kumi na tatu, hakuna atakayeamini kwamba sikio lake ndilo lililokosea. Watasema amekula.

Dawa yake haihitaji shahada: taja tarakimu moja moja, "one three", kisha mwombe mwenzako arudie. Marubani na waongoza ndege hufanya hivyo kila siku, na hakuna anayewaona washamba.

Saa nane ya nani?

Yako makosa mengine ya namna hiyo, ambayo si ya sarufi na kwa hiyo mwalimu hayasahihishi.

La kwanza ni saa. Mnunuzi akisema gari litafika "at two", masikio ya Mtanzania mwenye haraka hupokea saa mbili, naye hukaa ghalani tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Likigeuka upande wa pili ni baya zaidi: gari la "eight o'clock" linafika saa mbili asubuhi, dereva anakuta kufuli, anageuza.

La pili ni neno dogo la kukubali. Ukiulizwa kwa Kiswahili, "Hamjatuma sampuli?" na kweli hamjatuma, unajibu "Ndiyo", ukimaanisha ni kama ulivyosema. Kwa Kiingereza, swali hilo hilo likijibiwa "Yes", mnunuzi wa Ulaya ataelewa kuwa sampuli ziko njiani. Wiki tatu baadaye anauliza ziko wapi, na chama kimeshapata jina la uongo bila mtu yeyote kusema uongo. Aliyefundishwa vizuri hajibu kwa neno moja. Husema sentensi nzima, kwamba bado hazijatumwa na zitatumwa siku fulani.

La tatu ni herufi za l na r, ambazo wengi waliokulia kwenye Kiha na Kirundi huzichanganya. Kwenye mazungumzo ya kawaida hazina madhara na hakuna sababu ya kumwonea mtu kwa lafudhi yake. Kwenye biashara huwa na madhara pale "collect" inapokuwa "correct". Mnunuzi ameambiwa karatasi zirekebishwe, kumbe aliambiwa azichukue.

La nne ni adabu. Kiswahili kina "naomba", "samahani", "tafadhali" na salamu ndefu zinazolainisha kila jambo. Anayetafsiri kichwani huacha hizo zote nyuma na kubaki na "I want" na "Give me", na mtu mpole wa Kibondo anasikika kama mkali. Wengine, kwa kuogopa hilo, hukubali kila wanachoambiwa. Kukataa kwa heshima ni ujuzi wa juu wa lugha, na pengine ndio unaolipa kuliko wote: kusema bei hiyo haiwezekani, kueleza kwa nini, na kuacha mlango wazi.

Asali nayo ina maneno yake. Misitu ya miombo ya Kibondo na Kasulu ni nchi ya nyuki, na Ubelgiji iliwahi kufadhili mradi wa ufugaji nyuki mkoani Kigoma. Sheria za Umoja wa Ulaya hutaka asali isizidi asilimia 20 ya maji, na zinaweka ukomo wa kemikali inayoongezeka asali ikipashwa moto au ikikaa sana: miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto. Mfugaji anayejua kusema kwamba asali yake ni ya nchi za joto na inapimwa kwa kiwango cha 80 amejitetea. Asiyejua anarudishiwa mzigo.

Shule inafundisha nini?

Mwalimu Julius Nyerere alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na serikali imeendelea kukitumia kufundishia sekondari licha ya Tume ya Makweta kupendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kichukue nafasi hiyo. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, waliripoti kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa chini mno kuweza kusomea masomo mengine. Uingereza ikafadhili mradi wa vitabu vya kusoma kuanzia 1987. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 ulikuta karibu nusu ya wanaomaliza shule ya msingi hawawezi kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili.

Mtoto wa Kibondo anabeba mzigo wa ziada. Nyumbani ni Kiha. Kiswahili anakutana nacho kwa nguvu darasani. Akikizoea, baada ya miaka saba, anaambiwa kidato cha kwanza kwamba sasa baiolojia ni kwa Kiingereza. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012, ambao zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri kabla ya matokeo kupangwa upya, lugha ilitajwa na wengi kuwa miongoni mwa sababu.

Mtaala wa mwaka 2005 ulisisitiza uwezo wa kutenda, kuzungumza kukiwemo. Mtihani ukabaki wa karatasi. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 70 hufundisha kinachopimwa, na hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana kijana anaweza kujaza nafasi zilizo wazi kwa maneno sahihi na akashindwa kueleza kwa dakika mbili namna ya kukausha kahawa, kazi aliyoifanya na mama yake tangu akiwa na miaka sita. Kijana huyo huyo akifika chuo kikuu hunyamaza kwenye semina. Anachokijua kinabaki daftarini, na mwenzake aliyesoma shule ya kulipia anapewa alama za kushiriki.

Darasa la kiangazi

Wataalamu wa mitihani ya Cambridge hukadiria kuwa mtu anayeanza sifuri huhitaji saa 500 hadi 600 za mafunzo ili afikie kiwango cha kujitegemea katika mazungumzo ya kazi. Mkulima hana saa hizo, na muda anaoutoa shambani ni gharama hata kama darasa ni la bure. Lakini aliyefika kidato cha nne haanzi sifuri. Ana maneno mengi yaliyolala. Anachokosa ni mdomo.

Nyanda hizi huwa kavu kuanzia Juni hadi Septemba. Wiki 16 zikitumika kwa saa nane kila wiki, ni saa 128. Hazitoshi kumfanya mtu msomaji wa riwaya. Zinatosha kumfanya aliyelala aamke, endapo saa hizo zitatumika kuzungumza na si kunakili ubaoni.

Kuna zoezi moja lisilohitaji kitabu wala umeme, lililobuniwa na mwalimu Keith Maurice na kuandikwa mwaka 1983. Mtu humweleza mwenzake jambo kwa dakika nne. Kisha hubadilisha msikilizaji na kueleza jambo lile lile kwa dakika tatu. Halafu msikilizaji wa tatu, kwa dakika mbili. Kufikia mara ya tatu maneno yanatoka bila kutafutwa. Kwa chama cha kahawa jambo lenyewe linajulikana: kahawa yetu inalimwa urefu gani, inavunwaje, inaoshwaje, unyevu wake ni asilimia ngapi, tuna magunia mangapi. Simu ya mkononi hurekodi, na mtu akijisikiliza husahihisha mengi kabla ya mwalimu kufungua kinywa.

Mazoezi mengine yafanywe kama mchezo wa kuigiza. Mmoja awe mnunuzi mkaidi, mwingine katibu. Mtandao wa simu ukatike makusudi katikati ya sentensi, maana ndivyo itakavyokuwa. Mtu ajifunze kusema hakuelewa, arudiwe, apewe muda wa kushauriana na wenzake. Wasomi wengi husahau kwamba anayejua kuomba kurudiwa anaweza kufanya biashara na Kiingereza kidogo, ilhali mwenye Kiingereza kingi anayeona aibu kuuliza hupata hasara.

Mwalimu yupo. Kasulu kuna chuo cha ualimu, na Kabanga kingine, na kila mwaka kuna wahitimu wanaosubiri ajira wakiwa nyumbani kwa wazazi wao. Tuseme wanachama 24 wanakubaliana kutoa debe moja la maharage kila mmoja. Debe sita ni gunia, hivyo mwalimu anapata magunia manne kwa msimu. Kwa kijana aliyekuwa hapati kitu, si malipo ya kudharau, na kwa mwanachama si mzigo wa kumtia mkopo.

Watatu, si mmoja

Iko hatari moja ambayo vyama vingi huigundua baadaye. Mwanachama mmoja akijua Kiingereza peke yake, chama kimempata dalali mpya. Yeye ndiye anayejua mnunuzi alisema nini. Wengine wanabaki kumwamini au kumshuku, na vyote viwili ni vibaya. Akihama kwenda mjini, kama walivyohama walimu wakati wa kambi, anaondoka na mnunuzi kwenye simu yake.

Kwa hiyo chama kisigharimie mtu mmoja. Kigharimie watatu angalau, mmoja wao mwanamke, kwa kuwa wanawake ndio wanaochuma na kukausha kahawa hiyo lakini huonekana kwa nadra kwenye meza ya bei. Simu ya mnunuzi ipokelewe mbele ya wote watatu na iwekwe kwenye spika. Mmoja azungumze, wa pili aandike tarakimu, wa tatu asikilize tu. Baada ya simu kukatwa, kila mmoja aseme kwa Kiswahili alichosikia. Wasipokubaliana, mnunuzi apigiwe tena siku hiyo hiyo. Muhtasari usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu, na nakala ya barua pepe ibandikwe ofisini hata kama wanaoisoma ni wawili.

Darasa lenyewe lianze wiki ya kwanza ya Juni na lifungwe mwishoni mwa Septemba. Mvua za Oktoba zikianguka, wanafunzi wote watakuwa na majembe mkononi, na mwalimu naye atakuwa ameenda kupanda maharage yake.